Bi Kisirani Apata Kazi Ghalani

Paka yule walimwita Bi Kisirani, na jina lilimkaa sawasawa. Alizaliwa jalalani, akaletwa kwenye makao ya wanyama waliotupwa akiwa mkubwa tayari, na kila mgeni aliyekuja kutafuta paka wa kupakata aliondoka na michubuko. Mtunzaji wake, mama wa makamo ambaye wanawe walishahama nyumbani, ndiye pekee aliyezoeana naye, kama kufokewa bila kukwaruzwa ni mazoea. Kila asubuhi alimwita, "Njoo, bibie, njoo," na masikio mawili yalichomoza.

Daktari wa mifugo hakuficha kitu. Vizimba vimejaa, na paka asiyepata pa kwenda mwezi huu atachomwa sindano ya mwisho.

Mama akamkumbuka mume wa dada yake, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye ghala lake la nyasi panya walishalifanya ikulu.

"Shemeji, nakuletea mfanyakazi. Ila hataki kushikwa, wala hataki kubembelezwa."

"Basi sawa na dada yako," shemeji akacheka. "Mlete."

Masharti hayakuwa magumu. Akae kizimbani mle ghalani mwezi mzima, mpaka aone ndiko kwao, na kabla ya kila mlo kigongwe kikombe cha bati ili ajue wapi pa kurudi. Asipozoea, akifunguliwa atatafuta njia ya jalalani, na njia hiyo inakatiza barabara kuu. Shemeji alifuata yote. Aliyeharibu ni mama mwenyewe. Kila Jumapili alikuja "kuchungulia tu", akainama kizimbani na ile "njoo, bibie" yake.

"Shemeji, usinielewe vibaya," mfugaji akamwambia siku moja. "Ukishaondoka, huyu hali mpaka kesho yake. Anakungoja wewe."

Maneno yalimchoma. Tena, aibu kusema, yalimfurahisha. Hakuja tena mpaka siku ya kufungua.

Siku hiyo Bi Kisirani alichomoka mbio, akapita katikati ya miguu ya ng'ombe hadi langoni. Hapo akasimama. Nje malori yalikuwa yakinguruma. Shemeji akagonga kikombe, na paka hakugeuka. Akagonga tena.

Mama alijua neno lake moja lingemrudisha. Leo angerudi, na kesho angetoka kwenda kuitafuta sauti ile barabarani. Akaziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yakimlengalenga, akajibanza nyuma ya ukuta asionekane.

Kikombe kikalia tena, kikanyamaza. Muda ukapita.

"Shemeji, chungulia," mfugaji akanong'ona.

Bi Kisirani alikuwa kwenye sahani yake, kando ya ndoo za maziwa. Aliinua kichwa, akamtazama mama, akamfokea kidogo, kisha akaendelea kula.

"Amekusahau huyo," shemeji akamtania.

"Eeh," mama akasema, akifuta macho kwa pindo la nguo. "Ndivyo nilivyotaka."

Ilimuuma hata hivyo, tena sana. Akaondoka bila kumuaga paka.