Siku Nne za Kuinua Wavu

Samaki alikuwa anazunguka. Alizunguka polepole, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau kilichomleta, mdomo wazi juu ya maji, mara akilala ubavu, mara akijitutumua na kusimama tena. Noreen alikuwa ndani ya kijito, maji yakimfika magotini. Tangu darajani alikuwa amepita kumi waliokwisha kufa, wengi wao majike, matumbo yamejaa.

“Mama wee,” alimwambia. “Na wewe pia?”

Alikuwa koho, samoni wa vuli, mnene, ubavu wake umeanza kuwa mwekundu. Jumapili huyu alikuwa anapita kwenye kona ya mumewe Elroy, wanapotega wavu kule chini mtoni, na Noreen alimwacha apite kwa heshima zote. Hapo ndipo moyo ulipomuuma.

Kona ile ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe tangu enzi ambazo hakuna aliyebaki wa kuzisimulia, na ukoo ule ulikuwa na amri moja: koho wa kwanza wakiingia mtoni, wavu unainuliwa siku nne, samaki mama watangulie wakatage. Elroy hakuwahi kuiba hata saa moja ya siku hizo. Alifariki Novemba iliyopita, akiwa anafunga kamba za buti, na Jumamosi hii ilikuwa siku ya kumlisha. Mwaka ukitimia, marehemu huandaliwa sahani yake ya chakula, ikachomwa motoni mpaka iwe majivu, ashibe aende zake. Noreen alikuwa ameahidi kaburini, kwa sauti, mbele ya watu, kwamba samaki wa sahani ile atatoka kwenye kona ya mwenyewe. Si wa dukani, si wa mto wa watu wengine.

“Chukua mmoja tu, wifi,” Lavina, dada wa Elroy, alikuwa amemwambia Jumapili ile, wamekaa ukingoni na wavu umekunjwa miguuni mwao. “Mmoja! Nani atakuona?”

“Kaka yako.”

“Kaka yangu amekufa.”

“Ndiyo maana anaona kila kitu.”

Lavina alicheka hadi kahawa ikammwagikia. “Haya bwana. Ila akikosa samaki, ukampa vile viazi vyako vya majimaji, atakuja kulalamika kwako, si kwangu.”

Noreen akacheka naye, kwa sababu hakuwa na wasiwasi wowote. Wavu ungeshuka Alhamisi akawapata wanaofuata. Kila mwaka walikuwepo wanaofuata. Ilikosekana mvua tu, maana kijito kilikuwa kimekauka tangu Agosti, na samaki hawatagi kwenye mawe makavu. Basi akaiomba mvua. Aliiomba kila asubuhi, kwa bidii zote, kama mjinga.

Ilishuka Jumatano. Noreen alitoka nje bila kofia akaipokea usoni, na kundi zima likapanda kijitoni. Alhamisi alishusha wavu, akaupandisha mtupu. Ijumaa asubuhi mtupu tena, majani ya miti tu. Mwaka huu hawakuwepo wanaofuata. Alikuwa bado anakunja wavu simu ilipolia, na Dwight, mtoto wa kaka yake, anayefanya kazi ofisi ya samaki ya kabila, akamwambia, “Shangazi, njoo darajani. Njoo tu.”

Sasa Dwight alisimama ukingoni, koti limelowa, macho mekundu.

“Ni matairi, shangazi. Yanasagika kwenye lami kidogo kidogo, vumbi lake lenye sumu linakaa pale kiangazi kizima. Mvua ya kwanza inaliosha lote, linashuka mtaroni, mtaro unaingia hapa. Samaki wengine wanastahimili. Koho hawawezi.”

“Dawa yake nini?”

“Kuchuja maji ya barabarani kabla hayajafika. Tumeshaandika barua, shangazi, mwaka wa tatu huu.”

“Sijakuuliza barua. Nakuuliza dawa ya huyu.”

Dwight akatazama buti zake. “Huyu hana dawa.”

Noreen hakumsikiliza. Alimshika samaki, mkono mmoja mkiani, mwingine chini ya tumbo, akamwelekeza mkondo unakotoka ili maji yapite mashavuni, kama Elroy alivyozoea kumfanyia samaki aliyechoka. “Vuta pumzi, mama. Vuta.” Vidole vikafa ganzi. Mara mkia ukapiga kwa nguvu.

“Dwight! Ana nguvu! Umeona?”

Samaki akatulia mikononi mwake, na safari hii akatulia moja kwa moja.

Noreen alimpasua kwa kisu cha mfukoni. Mayai yakamjaa kiganjani, mekundu, mazima, yote. Hakuwa ametaga hata moja.

“Niliwainulia wavu,” alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote. “Niliwaachia njia wapite salama, Dwight. Salama! Ningewakamata, angalau wangeliwa.”

“Usingejua, shangazi.”

“Huyu ni wa kona yetu. Naweza kumchukua? Ni wa sahani.”

“Tumewakataza watu kuwala. Watu walio hai, yaani. Kwa marehemu sijui niseme nini. Hatuna kipimo.”

Noreen alimtazama yule samaki. Kisha akamrudisha majini pamoja na mayai yake, kichwa kikielekea juu, alikokuwa anakwenda.

Barabarani pikapu ilikuwa inamsubiri. Elroy alikuwa ameinunulia matairi manne mapya wiki mbili kabla ya kufa, kwa sababu lami huteleza majira haya na hakutaka mkewe apate ajali. Siku ile alilipiga teke kila moja akijisifu. Mwaka mzima Noreen alikuwa ameyaendea dukani, zahanati, makaburini. Aliinama akapitisha kiganja kwenye mojawapo, na kiganja kikatoka cheusi. Akatia ufunguo mfukoni, akaanza kutembea.

“Shangazi! Ni maili nne!”

“Najua.”

“Kutembea kwako hakutabadilisha kitu!”

“Najua, Dwight.”

Alitembea maili moja hivi. Mvua ilirudi, magari yakampita na kumrushia maji, na maji yale yakatiririka mtaroni kurudi alikotoka. Magoti yalikuwa yanamwaka moto. Gari la Lavina lilipopunguza mwendo kando yake, alikuwa ameshindwa.

“Wifi! Pikapu imeharibika?”

“Haijaharibika.”

“Basi una wazimu gani? Panda!”

Noreen akapanda. Lavina akamtazama, akaitazama mikono yake, mmoja mweusi na mwingine una utelezi mwekundu.

“Umepata samaki?”

Noreen akatikisa kichwa.

“Nisaidie kumenya viazi,” Noreen alisema.

“Nitakusaidia.” Lavina akafuta kioo kwa mkono wa koti. “Na safari hii tutavichuja maji vizuri, wifi.”

Kisha akaingiza gia, na gari likaondoka, matairi yakirusha maji mtaroni.