Kusubiri Maumivu

Mama Pasi alikuwa amenyoosha robo ya mashuka ya wodi ya wazazi, na ubavu ulikuwa umeshaanza kumkumbusha kwamba upo. Mashine yake ya pasi, pale kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, ilikuwa na mdomo mkubwa wa chuma. Unatandaza shuka, unavuta mkono wa mashine, chuma kinashuka, mvuke unapanda mpaka machoni, unafungua, unageuza, unafunga tena. Mkono wenyewe unavutwa kwa upande wa kulia, na ubavu uliokuwa unamuuma ni huohuo wa kulia. Hapo hapakuwa na ujanja.

Mwaka juzi alipata mkanda wa jeshi. Malengelenge yalimzunguka kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, yakapasuka, yakakauka, yakaacha makovu, na watu wakampa pole wakidhani yamekwisha. Yaliyokwisha ni ya juu ya ngozi. Chini yake ulibaki moto. Upepo ukimpiga anaumia, blauzi ikimgusa anaumia. Sidiria zake alizikunja akaziweka chini kabisa ya kabati kama nguo za marehemu.

Vidonge alimeza mpaka tumbo likagoma. Kilichomfaa ni plasta za ganzi: kitambaa cheupe laini, upande mmoja kina dawa inayonata, unakibandika panapouma, na baada ya muda panapoa mpaka unaona kama ubavu si wako. Inabandikwa asubuhi, inabanduliwa jioni ngozi ipumzike. Haiponyi. Ilichompa ni nafasi ya kuvuta mkono wa mashine bila kuona nyota, na kwa mwanamke mwenye mama mzee nyumbani na binti chuoni, nafasi hiyo ndiyo maisha yenyewe.

Zilikuwa zikilipwa na bima ya afya. Sasa bima ilikuwa imetangaza kwamba kila anayetumia dawa za gharama apimwe upya na mkaguzi wao, aonekane kama bado anaumwa. Siku ya Mama Pasi ilikuwa leo. Kwenye mkoba wake ilibaki plasta moja tu.

"Leo usiibandike, shoga," akaambiwa na mkunjaji wa nguo wa meza ya jirani, mwanamke ambaye wote walimwita Redio kwa sababu habari haikuwahi kumpita. "Ukienda kule umepoa, watakwambia umepona. Wale hawakawii."

"Najua. Nimevumilia tangu asubuhi, huoni?"

"Mimi nikuone wapi? Wewe ukiumwa na ukiwa mzima sura ni ileile."

Ilikuwa kweli, na haikuja hivihivi. Mahali pale ugonjwa haukutajwa. Yule aliyekuwa akisukuma makapu ya nguo mbichi alimwambia msimamizi kwamba mgongo unamsumbua. Msimamizi akamwambia akapumzike, na mpaka leo anapumzika. Tangu hapo kila mtu alijifunza kuumwa kwa ndani. Mama Pasi alijifunza kuliko wote; hata ruhusa ya leo aliiomba kwa kusingizia kitambulisho. Maumivu yakimpanda, alikuwa anaukaza uso, anaangalia shuka, anapumua kwa pua, basi.

Msimamizi alikuja akiwa na funguo zake mkononi, akizigongesha kama kawaida. Walimwita Kengele, lakini si mbele yake.

"Ile ruhusa yako ya kufuata kitambulisho," alisema, "nimeifikiria. Nenda. Lakini mashuka ya wazazi yaishe kwanza, gari la hospitali linakuja."

"Yote, bosi?"

"Wewe unaonaje, wazazi walalie magodoro matupu?"

Aliondoka zake. Mama Pasi aliangalia rundo, kisha akaangalia saa ya ukutani. Kwa mwendo aliokuwa nao, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishikilia ubavu, asingemaliza hata kufikia jioni. Alivuta mashine mara chache nyingine ili ajiridhishe kwamba ameshindwa. Halafu akachukua mkoba, akaenda nyuma ya makapu, akainua blauzi na kuibandika plasta ya mwisho.

Redio alimwona akirudi. Alitikisa kichwa.

"Nitaibandua nikitoka," Mama Pasi alisema. "Mpaka nifike, ganzi itakuwa imeisha."

Nesi aliyempa plasta za kwanza alikuwa amemwonya asikae nazo karibu na joto, kwa maana joto linaisukuma dawa ndani zaidi. Mama Pasi aliitikia vizuri tu. Hakuwa na moyo wa kumwambia kazi anayofanya. Siku nyingine haikumdhuru, alikuwa anaona raha kwamba mchana, mbele ya mvuke, ubavu unalala fofofo. Leo ulilala hivyohivyo. Mashuka yakashuka, rundo likapungua, na gari la hospitali lilipopiga honi alikuwa analitandaza la mwisho. Aliibandua plasta chooni, akaikunja, akaitupa, akatoka mbio.

Ofisi ya bima ilikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa, ili mtu asije akavuta chake akakaa anapotaka. Karani wa dirishani alimwambia amechelewa, kisha akamwambia hajachelewa sana, kisha akamwambia akae. Kila mwezi makato ya bima yalitoka kwenye mshahara wa Mama Pasi bila kuchelewa hata siku moja, lakini hilo halikuwa na dirisha la kulisemea.

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Hakuwa mkali. Alimwamkia vizuri, akamwita nesi nyuma ya pazia, wakamwomba apandishe blauzi. Akachukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole juu ya makovu, kutoka mgongoni kuja mbele.

"Unasikia nini, mama?"

Mama Pasi alisubiri asikie. Alijua pamba ile jana usiku ingemfanya ashike ukuta. Sasa aliona mkono wa mkaguzi unakwenda na kurudi, kama anampangusa vumbi mtu mwingine.

"Sasa hivi sisikii."

"Na hapa nikibonyeza?"

"Sisikii, daktari. Ni plasta. Nilikuwa nayo kazini, nimeitoa sasa hivi. Ganzi bado."

"Mmeambiwa mje bila dawa."

"Nisingemaliza kazi. Na nisingemaliza, nisingepewa ruhusa ya kuja."

Mkaguzi alivua glovu. "Mimi napima nilichokikuta. Nimekuta ubavu usiouma. Kwa mtu mwingine hiyo ni habari njema."

"Nikikaa hapo nje maumivu yakarudi, utanipima tena?"

Alimtazama kidogo. Labda hakuna aliyewahi kumwomba hivyo. "Tunafunga saa tisa," alisema. "Yakirudi kabla ya hapo, gonga."

Basi Mama Pasi akarudi kwenye viti vya plastiki kusubiri maumivu yake. Pembeni yake alikuwepo mzee mmoja, seremala aliyekatwa mkono juu ya kiwiko, ambaye naye alikuja kupimwa upya.

"Wamekwambiaje?" mzee aliuliza.

"Kwamba siumwi. Nasubiri niumwe."

Mzee alicheka mpaka karani akainua kichwa. "Mwanangu, mimi nimesubiri mshahara, nimesubiri mvua, nimesubiri wakwe waondoke. Maumivu sijawahi kuyasubiri. Huwa yanakuja yenyewe."

"Ya kwangu leo yanaringa."

"Mimi mwenzako naumwa na mkono ambao haupo. Vidole vyenyewe vilizikwa, na usiku vinanibana. Mara ya kwanza nilimweleza mkaguzi taratibu, kama tunavyoongea hivi. Akasema hamna kitu. Mara ya pili nikapiga yowe, nikajiangusha, nesi akalia. Nikapewa dawa." Alisogea karibu. "Ukiingia tena, piga yowe. Humo ndani wanaoumwa kimyakimya wote ni wazima."

"Mimi sijui kulia mbele ya watu, baba."

"Jifunze haraka. Muda wenyewe umekwisha."

Mzee akaitwa. Mama Pasi alibaki akiangalia saa na kujigusa ubavu juu ya blauzi. Akabonyeza. Hakuna. Akajikunja, akanyooka, akauzungusha mkono wa kulia kama anavuta mashine, na mama mmoja mwenye mtoto akahama kiti. Alijiona mjinga. Kwa miaka miwili alikuwa amemwomba Mungu amwondolee kitu hiki, na sasa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anamwomba akirudishe, tena upesi. Aliogopa. Bila karatasi ya yule bwana, kesho angesimama mbele ya mashine bila plasta, na keshokutwa pia, mpaka siku atakayoambiwa naye akapumzike.

Kilianza kama kuwashwa. Halafu kama mtu amepitisha sindano yenye moto chini ya titi, akaivuta. Kutoka chumbani kulisikika yowe la mzee, na baadaye kidogo mzee alitoka ameshika karatasi, akamkonyeza. Mlinzi alikuwa ameanza kufunga madirisha. Mama Pasi alisimama, na blauzi ilipojivuta kwenye ngozi akajua maumivu yamerudi yote.

Aligonga.

Mkaguzi alikuwa ameshavaa koti la kuondokea, lakini alitimiza ahadi. Alichukua pamba nyingine. Nesi akainua blauzi, na nguo tu ilipopita juu ya kovu, giza likampita Mama Pasi machoni. Kisha pamba ikashuka.

Ulikuwa moto uleule. Na mwili wake ukafanya kile ulichozoeshwa kufanya. Uso ukakazana. Macho yakatafuta mahali pa kutazama, yakapata pindo la pazia. Pumzi ikatoka kwa pua. Alilitafuta yowe, akalitafuta kwa nia kabisa, akakuta mahali pake pamefungwa.

"Unasikia nini?"

"Naumia. Naumia sana, daktari."

Mkaguzi alimtazama usoni, si ubavuni. Akapitisha pamba tena, taratibu, na bado alikuwa anamtazama usoni.

"Mama, mtu mwenye maumivu yanayostahili dawa hizi hawezi kuongea hivi," alisema. Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Mara ya kwanza umesema husikii, sasa unasema unasikia. Nami nimeambiwa nipunguze watu. Huonekani kama unaumwa."

"Nimezoea kutoonyesha."

"Hicho siwezi kukipima."

Akamsogezea karatasi aweke sahihi kwamba amepimwa na hana maumivu.

"Andika kwamba sikulia," Mama Pasi alisema. "Hiyo ni kweli, nitaweka sahihi. Kwamba siumwi, siweki."

"Hakuna sehemu ya kuandika hivyo."

"Basi na sahihi haipo."

Alishuka kitandani, akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja, akaondoka. Karatasi ilibaki bila sahihi. Kesho karani angeipiga muhuri tu, alijua, na ingekwenda.

Aliporudi kiwandani, mashuka ya wodi ya watoto yalikuwa yamerundikwa mbele ya mashine yake. Redio alimtazama mara moja, akaelewa, akashusha macho. Kengele alikuja na funguo zake.

"Umekipata kitambulisho?"

"Sikwenda kufuata kitambulisho, bosi. Nilikwenda bima. Naumwa ubavu, huu mwaka wa pili."

Wakunjaji waliokuwa karibu waliacha kuongea. Sentensi ya namna hiyo haikuwahi kusemwa mle ndani tangu yule wa makapu. Funguo zilinyamaza. Kengele alimwangalia usoni, kwa makini, kama mtu anayekagua doa kwenye shuka.

"Mbona huonekani kama unaumwa?" akasema.

Mama Pasi alihisi hasira ikimpanda, hasira safi ambayo haikuwa ya Kengele peke yake. Alitandaza shuka dogo la kwanza, akalinyoosha pembe, akaushika mkono wa mashine. Hapo, siku zote, ndipo alipokuwa akiufunga uso. Safari hii aliuacha. Akavuta, na moto ulipompita ubavuni mdomo ulifunguka na sauti ikatoka, mbaya, nene, sauti ambayo hata yeye hakuijua. Ilipita juu ya mashine zote. Mwisho kabisa wa ukumbi, waliokuwa wakipakua nguo mbichi walisimama.

Kengele alirudi nyuma hatua. Alitazama chini kwenye funguo zake.

"Mashuka ya watoto yanangojewa," alisema mwishowe.

"Yatanyooshwa, bosi. Ila leo utanisikia."

Akaligeuza shuka, akauvuta mkono tena.