Filta ya Gari la Philister

Filta ilikataa kutoka.

Oduor alikuwa amelala chali chini ya gari, kwenye ua wa ploti yao pale mtaani Satellite. Kila alipolishika lile kopo jeusi na kulizungusha, lilimteleza mkononi kama sabuni iliyolowa. Oili ya zamani ilikuwa imeshashuka yote kwenye karai, na oili mpya haingeweza kutiwa kabla ya filta kubadilishwa. Alikuwa ameshalivua gari nguo, sasa ameshindwa kulivisha.

"Imekushinda?" sauti ikauliza kutoka juu.

Alikuwa Onditi, kaka wa mkewe Philister. Oduor aliona viatu vyake tu, vyeupe, vimesimama mbali na karai. Onditi aliuza bima, na gari lake mwenyewe hakuwahi kulifungua boneti.

"Haijanishinda. Tunazoeana."

"Shemeji, hii si kabati. Huwezi kuipiga randa."

"Na wewe sogeza viatu, unaniziba mwanga."

Gari lilikuwa Probox, mali ya Philister. Alilinunua kwa pesa za chama cha akiba na kwa miaka ya kupikia maofisi ya Kilimani chakula cha mchana. Leseni ilikuwa yake, ufunguo wake. Oduor hakujua kuendesha. Tangu gari lije, yeye alikaa kushoto na sufuria ya pilau mapajani, na majirani wakampa jina: abiria wa Mama Rachael. Alicheka nao. Mtu asipocheka, jina humganda.

Lakini alikuwa fundi wa mbao, miaka mingi kando ya Ngong Road, na katika nyumba yake hapakuwahi kuitwa fundi mwingine. Kufuli, kitanda, paa linalovuja, vyote vilikuwa vya mkono wake. Kwa hiyo taa nyekundu ya oili ilipowaka Ijumaa jioni, alisema, "Hiyo ni kazi yangu." Onditi akasema gari lipelekwe kwa fundi wake, kwa sababu injini si ya kujifunzia. Philister ndiye aliyekata maneno, mwiko mkononi.

"Chakula cha mteja wangu Kajal kitafika Kilimani kesho saa saba, hata kwa teksi. Hicho hakinisumbui. Lakini Baba Rachael, kama saa sita gari haijasimama sawa, Onditi ataita fundi wake, na kuanzia hapo huyo ndiye ataiangalia. Sitaki gari ya kujaribiwa-jaribiwa."

Oduor alikubali. Alikuwa ameshamsumbua muuza spea kwa maswali hadi yule bwana akaanza kujificha nyuma ya matairi. Asubuhi alipigilia vipande vya mbao za saipresi vikawa ngazi mbili fupi, pana, na Philister akapandisha magurudumu ya mbele juu yake. Mbao hazikulia hata kidogo.

Sasa ilikuwa imepita saa nne, na filta bado.

Oduor alitoka chini ya gari, akajipangusa, akaikalia ndoo. Aliyeifunga filta hiyo mara ya mwisho aliikaza kama aliyefunga mlango wa jela. Nguvu anazo, shida ni kuteleza. Na kitu kikiteleza, alijiambia, mbona hili nalijua? Aliingia ndani, akatoka na msasa ule mkali wa kusugulia milango mikuukuu na kipande kirefu cha blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli wa kufungia mizigo. Akarudi chini. Aliivisha filta msasa, upande wa ukali ukiuma bati, akaizungushia blada juu yake, akaivuta mpaka ikabana. Kisha akashika kwa mikono miwili.

Filta ililia, ikasogea. Vidole vyake viligonga chuma, ngozi ikachunika, lakini hakuachia. Ilipotoka, oili iliyobaki ilimshukia mpaka kwapani.

"Imetoka," alisema, akaionyesha kama mtu aliyeshika kuku wa sikukuu.

Peres, jirani wa mlango wa pili, alipiga makofi. Onditi alitazama saa.

Yaliyobaki yalionekana mepesi. Oduor alipaka oili mpira wa filta mpya, akaifunga kwa mkono, ikakaa laini kabisa. Akafunga nati ya chini, akamimina oili, akapima kwa kijiti. Philister akaingia, akawasha.

Injini ilinguruma, na Oduor alitabasamu kwa muda wa pumzi moja. Kisha chini ya gari kukasikika kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo.

"Zima, Mama Rachael. Zima."

Alizima, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na oili ni mbaya zaidi, maana haikauki. Ilienea uani, rangi ya asali, mpya kabisa, ikafuata mteremko hadi kwenye mkeka wa mlango wa Peres. Oduor alikimbilia gunia la vumbi la mbao, akalimwaga lote juu yake. Makofi hayakupigwa tena.

Onditi alitoa simu. "Nimpigie?"

Philister alishuka. Alitazama ua, akatazama mikono ya mumewe.

"Saa sita bado," Oduor alisema.

"Bado," Philister alijibu, akarudi jikoni kwenye sufuria zake.

Oduor hakugombana na gari. Fundi wa mbao miguu ya kiti ikikataa kulingana, haipigi nyundo. Huilaza pamoja na kuitazama. Aliifungua filta mpya, akaiweka juu ya ubao, akaiweka ya zamani kando yake, midomo juu. Mpya ilikuwa na pete ya mpira mdomoni. Ya zamani ilikuwa na mfereji wa pete, lakini mfereji ulikuwa mtupu.

Alikaa akiutazama ule mfereji. Kisha akaingia tena chini na kupitisha kidole mahali filta inapokaa. Palikuwa na kitu laini, cheusi juu ya cheusi, kimelala kama sehemu ya injini. Akakichokoa kwa ukucha. Pete ya zamani ikabanduka, nzima.

"Onditi, njoo uone," alisema. "Ilibaki imegandamana huko juu. Nimefunga mpya juu yake, pete mbili mahali pa moja. Ndiyo sababu imetema."

Onditi aliinama, viatu vikiwa mbali. "Na ulijuaje?"

"Nimeangalia."

Alikwenda mbio hadi barabarani. Muuza spea alimwona, akachungulia kutoka nyuma ya matairi.

"Umerudi? Hiyo gari inakunywa sana, mzee."

"Imetapika. Leta kopo ingine ya oili."

Safari hii alifuta mahali pa filta kwa kitambaa, akapapasa kwa kidole, akafuta tena. Akafunga, akamimina, akapima. Philister aliwasha, taa nyekundu ikazimika. Oduor alitandaza kadibodi safi chini ya injini na kulala kando yake, akitazama. Hakikudondoka kitu. Onditi mwenyewe alipitisha kidole chini ya filta, akakitazama kidole.

"Kavu," alisema. Akakohoa. "Yangu nayo inakaribia kubadilishwa oili, shemeji."

"Ilete. Ila kuja na viatu vingine."

Philister alicheka mpaka akashika mlango. Saa sita ilikuwa bado haijafika, na sufuria zilikuwa zimeshapakiwa.

Kule Kilimani Kajal, mwenye duka la vitambaa, alitoka mwenyewe kuhesabu sufuria. Alimwona Oduor anazishusha, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Huyu nani, Philister?"

"Ni mzee wangu. Ndiye fundi wa gari hii."

"Kweli? Yangu iko na kelele hapa mbele. Ataangalia?"

"Mimi ni wa hii tu, mama," Oduor alisema, akabeba sufuria ya mwisho ndani, mgongo umenyooka.

Kazi ile ilimgharimu makopo mawili ya oili badala ya moja, na la pili lilikula pesa za msumeno aliokuwa akiuwekea akiba tangu Pasaka. Ilimgharimu pia gunia la vumbi la mbao, karatasi ya msasa, shati moja, ngozi ya vidole vitatu, na mkeka mpya wa Peres.