Amsha Seli

Mume wa dada yangu tunamwita Profesa, jina alilojipa mwenyewe ili kutupunguzia usumbufu. Dada alipopata uvimbe kwenye titi, Profesa aligundua ugonjwa kabla hata sindano ya kipimo haijaingia: seli zimelala, ndiyo maana zimejikusanya. Akasaga unga wa kijani, akaujaza kopo, akalibandika jina "Amsha Seli". Upasuaji ambao hospitali iliupanga Jumatatu, alisema, usubiri kwanza unga ufanye kazi.

Mimi kazi yangu ni kupima vinyama vinavyokatwa kwa wagonjwa hospitalini. Kipande cha uvimbe wa dada alikipima mwenzangu, nami nikachungulia kwenye hadubini baada yake, nikaenda chooni kulia. Kisha nikanawa uso, nikaenda kwao.

Nilimkuta Profesa anakoroga unga kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, dada kakaa mbele yake kama mtoto anayesubiri dawa ya minyoo.

"Shemeji, karibu! Hospitali imekutuma uje kujifunza?"

"Nimekuja kukupongeza," nilimwambia. "Seli za mkeo zimeamka. Zimeamka mpaka zimesahau kulala."

Nikamgeukia dada, nikamweleza taratibu. Seli ikitaka kugawanyika, hunakili kwanza DNA yake, yaani maelekezo yake yote. Kila mahali pa kuanzia kunakili hupewa kibali, na kunakili kukianza tu kibali hufutwa, isije ikarudia pale pale. Ikikosea, walinzi waliomo ndani yake huisimamisha ijirekebishe, ikishindikana, huiua. Saratani huanza walinzi hao wakiharibika: seli inanakili ovyo, kosa juu ya kosa, na hakuna wa kuiambia basi.

"Kumbe walinzi ndio wamelala!" alisema Profesa, akaongeza kijiko kingine. Asiyejua maana haambiwi maana.

Dada alikitazama kikombe. "Baba watoto, huu unaamsha. Wa kulaza unao?"

Profesa alikohoa, akasema hilo linahitaji utafiti.

"Utaufanya Jumatatu, ukinisubiri nje ya chumba cha upasuaji." Akakisukuma kikombe kando, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Mdogo wangu, wewe umeziona. Tumewahi?"

"Sijui, dada." Kipande kile hakikuonyesha kama seli hizo zimeshahamia kwingine mwilini, na kumdanganya sikuweza.

"Mmewahi sana!" alidakia Profesa, bila kipimo wala aibu, kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu, nilimwomba Mungu huyu mtu awe anajua anachosema.