Ushuhuda wa Mama Billy

Filister Aluoch alikaanga samaki pembeni mwa Soko la Toi, upande wa Ngong Road, na watu walipiga foleni kabla hata mafuta hayajachemka. Mgongo wazi wake, mifupa ya sangara iliyobakishwa nyama kidogo, ulisifiwa hadi Kawangware. Wateja walimwita Mama Billy, kwa jina la kifungua mimba wake, naye alijua nani anapenda kichwa, nani mkia, na nani amekuja kusikia umbea tu.

Mapema mwaka wa 1996 vidole vyake vilianza kukataa kazi. Aliamka vimekakamaa, asiweze hata kufunga kifungo cha blauzi. Magoti yakafuata. Kisha baka jekundu likatanda kutoka shavu moja hadi jingine kupitia juu ya pua, na kila aliposhinda juani liliwaka zaidi. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Vidonda vikamtoka mdomoni, homa zikaja na kwenda, na mwili uliokuwa ukijaza leso ukaisha.

Miaka ile watu wa Soweto West, mtaa alikoishi, hawakungoja daktari awaambie mtu anaumwa nini. Ukikonda, ukatoka vidonda, ukanyonyoka nywele, basi jina lilikuwa moja tu, na hata hilo halikutamkwa wazi.

"Ni ule mdudu," walinong'ona.

Foleni ikakatika. Kageha, aliyeuza mitumba kibanda cha pili na kula kwa Filister kila mchana, akaanza kuja na chakula chake kutoka nyumbani. Alikula akiwa amempa mgongo.

Mumewe, Osewe, fundi wa mbao, hakutaka minong'ono.

"Twende tukapimwe," alisema. "Wewe na mimi."

Wakapimwa. Hakuna aliyekuwa na virusi. Osewe alicheka kwa sauti pale pale kwenye benchi, lakini Filister hakucheka. Kama si mdudu, basi ni nini hiki kinachomla?

Jibu lilitoka kwa Daktari Wangoi, mwanamke mtulivu aliyemtazama lile baka kwa muda, akambonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja, kisha akaagiza damu na mkojo vipimwe upya.

"Mama Billy, mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa," alimweleza majibu yalipokuja. "Wako wamegeuka, wanampiga mwenye nyumba. Huu ugonjwa unaitwa lupus. Ulianza na viungo na ngozi. Sasa umeingia kwenye figo."

"Unapona?"

"Kupona kabisa, hapana. Lakini unatulizwa, na mtu anaishi nao."

Akampa vidonge vya prednisolone, akamwonya kwamba vitamvimbisha uso, vitamletea njaa na kumnyima usingizi. "Lakini hata ukivichukia namna gani, usiache ghafla. Tutavipunguza pamoja, pole pole."

Dawa ilifanya kazi haraka. Maumivu yakaondoka, vidonda vikafunga, na Filister akasimama tena mbele ya karai lake. Kisha na yale mengine yakaja. Uso ukawa duara kama sahani. Ndevu chache zikaota kidevuni. Alikula ugali wa watu wawili na bado akawa na njaa. Usiku alikodoa macho akimsikiliza Osewe akikoroma, na asubuhi aligeuza kioo kikatazama ukuta.

Walimwengu waliona unene tu. Aliyekuwa akizikwa kwa maneno mchana kweupe sasa alikuwa ananawiri, na habari zikafika Kabiro, Kawangware, kwenye kanisa la mabati alikoimba kwaya na mdogo wake Celine. Mchungaji Phanuel alimshika mikono yote miwili.

"Mungu amekuponya Ukimwi, mama! Jumapili ya shukrani utasimama utoe ushuhuda."

"Mchungaji, sikuwa na Ukimwi. Na bado niko kwa dawa."

"Aliyeponywa anatafuta nini tena kwa dawa?"

Hakuwa mtu mbaya, Phanuel. Alikuwa amefunga na kumwombea Filister wakati wengine waliogopa hata kumsalimia. Ndiyo maana maneno yake yalimwingia. Na kusema kweli, Filister alikuwa anatafuta sababu. Alitamani uso wake. Akaacha vidonge.

Wiki haikuisha. Alikuwa kwa Celine huko Kabiro, wakichambua mboga za sukuma, mwili ulipomwisha nguvu ghafla. Akatapika, akajaribu kusimama, akaanguka kando ya mlango. Ngozi ilikuwa baridi na imelowa jasho.

"Nyamera, dada yangu, umekula nini?" Celine alilia, akimwinua kichwa.

"Si chakula. Niliacha dawa."

Celine alitoka mbio. Alimwita jirani mwenye mkokoteni wa maji, wakashusha mitungi, wakamlaza Filister juu ya godoro na kumsukuma katika matope hadi barabara kubwa, Celine akikimbia mbele na kupiga kelele watu wapishe. Huko walipata gari la kumfikisha hospitali.

Alipofumbua macho vizuri, mrija wa dripu ulikuwa mkononi na Daktari Wangoi ameketi kitandani.

"Kuna kitu mwili hutengeneza wenyewe cha kukusimamisha," daktari alisema. "Ukinywa hii dawa muda mrefu, mwili unaacha kukitengeneza. Ukiiondoa ghafla, unabaki huna cha mwili wala cha dawa. Ungekufa."

"Nilichoka na huu uso, daktari."

"Uso utarudi. Nitakuongezea dawa nyingine ishike figo, ndio hii tuipunguze. Lakini niambie ukichoka. Usinifiche."

Jumapili ya shukrani kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje. Phanuel alimwita mbele, na kwaya ikaanza kuimba wimbo wa uponyaji hata kabla hajashika maikrofoni. Filister akainua mkono wakanyamaza.

"Mlisema nina Ukimwi," alianza. "Sikuwa nao. Na kama ningekuwa nao, bado ningestahili mtu wa kula samaki wangu."

Kageha alikuwa benchi la nyuma. Aliinamisha kichwa.

"Sijapona. Ninatibiwa. Huu uso mnaousifu ni wa dawa, na siku nilipoiacha ili nionekane nimepona, karibu mnizike. Nashukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu, kwa ajili ya Celine na ule mkokoteni, na kwa ajili ya daktari. Mwenye dawa humu ndani, anywe dawa yake. Na aombewe akiwa anainywa."

Alimrudishia Phanuel maikrofoni. Mchungaji aliishika, akawageukia watu.

"Mama amesema kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nisameheni."

Sauti moja ikasema amina, kisha nyingine, kisha mabati yakatetemeka.

Jumatatu Osewe aligongomelea nguzo na kufunika kibanda kwa turubai, jua lisimfikie mkewe. Kageha alisimama mbele ya karai, mikono mitupu.

"Niwekee mkubwa, Mama Billy. Na nitakulia hapa hapa."

"Kaa basi," Filister alimjibu, akimsogezea stuli. "Unanizibia wateja ukisimama."

Ilichukua muda. Kulikuwa na wiki vidole vilivimba tena na Celine akaja kukaanga badala yake. Lakini vidonge vilipungua kidogo kidogo, ndevu zikapotea, na mashavu yakaanza kuonyesha mifupa yake. Mwaka wa 1998 Daktari Wangoi aliinua macho kutoka kwa majibu ya mkojo, akatabasamu.

"Figo zimetulia, Mama Billy."

Filister alitoka hadi katikati ya ukumbi wa kliniki, akavuta pumzi na kupiga kigelegele kirefu. Wagonjwa kwenye mabenchi walishtuka wakageuka. Kisha mama mmoja mwenye fimbo akaitikia, na mwingine, na wote, bila hata kujua ni kwa nini.