Amri ya Mwisho kwa Kituo cha Mto

Kwa ukaidi, mzee huyu hakuwa na mfano, na mimi sitamtetea. Mwaka mzima hakuzungumza na binti yake ila habari za megawati.

Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kituo kidogo cha umeme wa maji, mashine mbili kuukuu chini ya bwawa, na miaka thelathini na mmoja alikuwa hapo hapo. Wenzake walimbandika jina la Rudia. Kazini kwao kuna sheria: Kituo Kikuu cha jijini, kinachopangia kazi mitambo yote ya nchi, kikipiga simu na kutoa amri, anayepokea anairudia yote, na hakuna anayekata simu mpaka amri irudiwe sawasawa. Namba moja ikikosewa, mtu anaweza kufa. Sheria hiyo Rudia aliipenda hadi akaihamishia nyumbani. "Nenda dukani ulete chumvi na kiberiti. Rudia." Na binti yake, kibogoyo wa meno ya mbele, anajibu, "Naenda dukani kuleta chumvi na kiberiti." Hapo ndipo anaruhusiwa kutoka.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Binti alisoma, akaajiriwa Kituo Kikuu, akawa yeye ndiye mtoa amri. Siku ya kwanza alipompigia baba yake, "Kituo cha Mto, pandisha hadi megawati nane," mzee alirudia bila kutetereka, akaandika kwenye daftari la zamu, halafu akaenda nyuma ya transfoma akafuta machozi. Hilo alilijua Fundi Grisi peke yake, mama mmoja mwenye mdomo aliyehudumia zile mashine. Sasa na nyie mnalijua.

Basi, gesi ikaja. Ilikuwa imegunduliwa zamani chini ya bahari, ikabaki kuwa maneno ya redioni, mpaka bomba lilipofika jijini na mitambo mikubwa ikaanza kunguruma mchana na usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Mto nao ulikuwa umekonda misimu mitatu mfululizo. Kamati ikaundwa kuamua kila chanzo kibebe nini: gesi ichukue mzigo mkubwa, mabwawa makubwa yasaidie, jua lipewe nafasi yake mchana, na vituo vilivyochoka vipumzishwe. Binti alikuwa katibu wa kamati hiyo. Jina la Kituo cha Mto liliingia kwenye orodha kwa mkono wake mwenyewe.

Alisafiri kwenda kumweleza baba yake ana kwa ana, maana hakutaka asikie kwa watu.

"Umenichimbia kaburi nikiwa hai," mzee alimwambia.

"Baba, kiangazi kilichopita hospitali ilikaa gizani siku mbili. Wanawake walijifungua kwa mwanga wa simu."

"Gesi itakwisha, mto utabaki. Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Hatuuachi, baba. Lakini mto hauna maji. Nifanyeje?"

Mzee akainuka akarudi kwenye mashine zake. Akanuna mwaka. Simu yake ya mkononi ikiita kwa jina la binti, anaitazama mpaka inyamaze yenyewe. Mjukuu akazaliwa, mkewe akafunga mzigo kwenda kumlea mzazi, yeye akasema ana zamu. Zamu gani hiyo ya kukosa mjukuu? Mtoto akafikisha miezi minne na babu hajamwona hata kwenye picha, kwa sababu picha zilitumwa na hakuzifungua.

Na alitamani, jamani, alitamani mno. Hasira ilikuwa imeshamtoka siku nyingi, ila ilipotoka iliiachia aibu nafasi, na kila siku iliyopita ilizidi kumfanya ashindwe kupiga. Kilichobaki kati yake na mwanawe ni ile simu ya kazi, ambayo hakuwa na ruhusa ya kuiacha iite. Sasa leo, saa kumi alasiri, kituo kinazimwa na simu hiyo inang'olewa. Yeye amepanga kwenda kuishi shambani kwa kaka yake. Alijijua vizuri: akishafika huko, hatampigia tena.

"Wahenga walisema damu nzito kuliko maji," Fundi Grisi alimwambia huku akifuta mikono. "Kwako wewe naona maji yameshinda."

"Fanya kazi yako, mama."

"Yangu inakwisha saa kumi. Ya kwako ya ubaba sijui inakwisha saa ngapi."

Mashine namba moja ilikuwa imeshasimama zamani kwa kukosa maji, ikabaki namba mbili. Ilipobaki dakika mbili kufika saa kumi, simu iliita. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba binti amemaliza likizo ya uzazi, lakini mzee hakutegemea kwamba zamu ya leo ingekuwa yake. Aliitambua sauti mara moja, akavuta daftari la zamu.

"Kituo cha Mto, hapa Kituo Kikuu. Punguza mashine namba mbili hadi sifuri, kisha itoe kwenye gridi."

"Napunguza mashine namba mbili hadi sifuri, kisha naitoa kwenye gridi."

Alimpa Fundi Grisi ishara. Mshale wa kipimo ukashuka taratibu hadi chini kabisa, swichi ikaruka.

"Mashine namba mbili imetoka," aliripoti.

"Funga lango la maji."

"Nafunga lango la maji."

Mngurumo alioishi nao tangu ujana ukaanza kufifia. Kilichobaki kilikuwa Kituo Kikuu kiseme amri zimekwisha. Mzee alingoja. Alimsikia mwanawe akipumua upande wa pili, akataka kusema chochote, hata kumuuliza tu hali ya mtoto, lakini akaishia kuandika saa kwenye daftari.

"Kituo cha Mto," binti alisema kwa sauti ile ile ya kazi, "pokea amri nyingine. Jumapili saa saba mchana, baba aje nyumbani ampakate mjukuu wake. Rudia."

Mzee alikodolea ukuta macho. Kila neno la simu ile linarekodiwa, na wakubwa husikiliza.

"Hii ni simu ya kazi," alisema.

"Najua. Ile nyingine hupokei. Rudia."

Alikohoa kidogo. "Jumapili saa saba mchana," akaanza, vizuri tu, "naja nyumbani kum..." Sauti ikamkatikia. Binti hakumsaidia hata neno moja. Ikabidi aanze upya, maana ndivyo sheria inavyotaka mtu akikwama. "Jumapili saa saba mchana, naja nyumbani kumpakata mjukuu wangu."

"Sahihi," alisema binti, na sasa sauti ya kazi ilikuwa imemtoka. "Asante, baba. Amri zimekwisha."

"Bado. Usikate."

Tangu gridi iwe gridi, kituo hakijawahi kukipa amri Kituo Kikuu. Rudia alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana yeye ndiye aliyewafundisha wengine.

"Kituo Kikuu, pokea na wewe ya kwangu. Baba yako alikosea, na hakuna siku aliyoacha kukupenda. Rudia."

"Baba yangu ali..." alisema binti, kisha kikafuata kilio cha mtu anayejizuia mbele ya wafanyakazi wenzake.

Mzee hakumharakisha. Fundi Grisi alikuwa anazima taa za ukumbini moja baada ya nyingine, na mashine ilikuwa imesimama kabisa. Alivuta kiti akakaa, akaubana mkono wa simu sikioni. Amri ilikuwa haijarudiwa, na yeye si mtu wa kukata simu kabla ya hapo.