Mguu Uliotoboa Dari

Hosteli ya wasichana wa chuo ilikuwa imemwita fundi wa mtandao mara tatu mwezi ule. Mtandao wa ghorofa ya tatu ulikatika kila baada ya dakika chache, na asubuhi hiyo wanafunzi walikuwa na mtihani wa kompyuta, kila mmoja chumbani kwake. Matroni, mama wa sauti kubwa, alimshikia ngazi koridoni.

"Fanya hima, mwanangu. Hawa watoto wakifeli, mama zao watanila nyama."

"Nipe nusu saa, mama."

Fundi, dada mwembamba aliyezoea kupenya popote, akaingia darini na tochi kichwani. Alitambaa juu ya mbao. Kushoto kwake palipita bomba la maji, kulia mfereji wa chuma uliobeba nyaya za mtandao. Katikati palimtosha yeye tu, kwa kujibana.

Alipofika mwisho akaliona tatizo. Ndani ya ule mfereji mtu alikuwa amelaza waya wa umeme wa kuungaunga. Ulikuwa umepata moto mpaka ganda lake likayeyuka na kuunguza waya wa mtandao. Akatoa testa, bisibisi ya kupimia umeme, akagusa chuma. Kitaa cha testa kikawaka.

Akaurudisha mkono haraka. Chuma chote kilikuwa na umeme, naye alikuwa amepita ubavuni mwake bila kujua. Njia ya kutokea ilikuwa ile ile, na akigusa chuma huku ameegemea bomba, habari yake imekwisha. Mafundi husema umeme hauna mjomba.

Akajivuta nyuma ili akae vizuri. Mguu ukateleza kwenye ubao, ukatoboa dari, ukaning'inia chumbani mwa mtu.

"Mamaa! Mwizi!"

"Si mwizi, ni fundi wa mtandao! Usiniguse, mdogo wangu! Mwambie matroni azime swichi kubwa. Huku juu kuna umeme!"

Kisha sauti ndogo ikasema, "Lakini tuko kwenye mtihani. Zimebaki dakika ishirini."

"Nitakufa!"

Kiti kikaanguka, mlango ukabamizwa. Muda si muda sauti ya matroni ikapanda kutoka koridoni.

"Mwanangu, huwezi kujikaza hata dakika kumi wamalize?"

"Mama, ubao unalegea. Siwezi."

Ndala za matroni zikasikika zikishuka ngazi mbio. Fundi akabaki amekumbatia ubao, kiwiko kikiwa upana wa kidole kutoka kwenye chuma. Jasho lilimwingia machoni, na hakuthubutu kulifuta. Ubao ukalia chini ya kifua chake. Alianza sala, akasahau maneno, akaanza tena.

Ghafla feni zikanyamaza. Vyumba vyote vikalipuka kwa makelele.

"Nimezima!" matroni alipiga kelele kutoka chini. "Nimesimama hapa hapa, haigusi mtu!"

Testa haikuwaka. Hata hivyo fundi hakuweza kusogea. Je, kama testa imeharibika? Akaijaribu mara ya pili, ya tatu. Mwishowe akafumba macho, akaweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa baridi. Akaanza kulia kwa kwikwi kama mtoto, na aliendelea kulia akitambaa hadi kwenye ngazi.

Koridoni wanafunzi walikuwa wamejaa, wengine wakilalamika. Walipomwona uso, wakampisha. Yule binti wa chumba chenye tundu alikuwa amejibanza ukutani.

"Dada," alisema, "ule waya ni wangu. Niliupitisha juu kwa ajili ya jiko la umeme. Sikujua."

Fundi alitaka kumfokea, akajizuia. Akaketi sakafuni.

Matroni alikwenda chuoni mwenyewe. Aliwaambia walimu kwamba swichi ameizima yeye, kwa mkono wake, na kama kuna wa kulaumiwa yuko mbele yao. Mtihani ukasogezwa hadi wiki iliyofuata.

Kesho yake fundi alirudi. Alisimama chini ya ngazi robo saa nzima, ingawa umeme ulikuwa umezimwa na chumba cha swichi kimefungwa kwa kufuli.

"Nikuitie fundi mwingine?" matroni aliuliza.

"Naye ana mama yake," fundi akajibu, akapanda.

Aliung'oa waya wa jiko, akahamisha nyaya za mtandao kwenye bomba jipya la plastiki lililopita ukutani, nje kabisa ya dari. Siku ya mtihani mtandao haukukatika hata mara moja. Matroni alimpigia simu kumpa habari hiyo. Fundi alishukuru, akakata simu, akasugua kiganja alichokiweka kwenye kile chuma.